Jogoo Aliyekula Macho ya Bibi

"Hakuna mwanamke Kawajense nzima anayechagua mchele kama mimi," Bibi Kasilda alisema, akatia tonge mdomoni, akauma jiwe.

Lilialika kama kokoto chini ya gurudumu la baiskeli. Bibi alilitoa kwa vidole viwili, akalipapasa, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Hili halihesabiwi," akasema. "Limeingia lenyewe baada ya mimi kumaliza."

Dorice alicheka hadi maharage yakampalia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na karibu kila mlo wa nyumba ile ulikwenda hivyo: majisifu kwanza, jiwe baadaye. Bibi alikuwa hodari wa kuchagua mchele kweli, lakini zamani. Siku hizi macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, ule ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu mlangoni, basi. "Tumboni nimezaa wanane, mmoja mmoja," aliwaambia watu, "uzeeni Mungu amenijalia mapacha, akawaweka machoni."

Wazazi wa Dorice walikuwa wakulima wa mahindi na maharage huko Mishamo. Walimleta mjini Mpanda, mtaa wa Kawajense, akae na Bibi kwa mambo mawili: asome shule iliyo karibu, na awe macho ya Bibi. Aliteka maji bombani, alimwongoza kanisani, alimwambia nguo ipi ina doa. Bibi hakumwita kwa jina. Alimwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, maana mjukuu ni mke wa babu. Babu mwenyewe alikuwa amefariki siku nyingi. "Tumebaki wajane wawili wa mume mmoja," Bibi aliwaambia wageni kwa uso mkavu, "na mwenzangu huyu ndiye anayeringa, kwa sababu meno yake yote yapo."

Dorice alilipenda jina lile kuliko alivyojua.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa simu. Baba mdogo Krispini, anayeuza dagaa Kapalamsenga kando ya ziwa, alikuwa amemnunulia Bibi simu ya kupangusa. Mara kwa mara alimtumia humo hela ya dawa ya macho. Lakini Bibi ataipangusaje simu ambayo haioni? Dorice ndiye aliyepokea, aliyepiga, aliyesoma ujumbe kwa sauti. Hata namba ya siri ya kutolea hela aliijua yeye peke yake. Bibi alikwisha kuisahau. Siri gani tena itunzwe vizuri kuliko hiyo?

Kwenye simu hiyohiyo ndimo Jogoo alimoingia.

Ulikuwa mchezo wa bure. Jogoo anakimbia juu ya mapaa ya mabati, anaruka mabomba ya moshi, anamkwepa mwewe. Dorice aliuchukua kwa Shadia, rafiki yake wa darasani, na wiki ya kwanza hakuona ubaya wowote. Alicheza akisubiri chungu kichemke. Wiki ya pili chungu kikawa kinaungua. Akilala, akifumba macho, anaona mabati yanapita.

Kisha Jogoo akaanza kuomba. Akidakwa na mwewe, alitokea analia machozi makubwa, na maandishi mekundu yakasema: "Umwokoe? Zimebaki sekunde kumi." Namba zikashuka. Tisa, nane, saba. Ukibonyeza kitufe cha kijani, unaweka namba ya siri, shilingi mia tano inakwenda, Jogoo anafuta machozi. Kulikuwa na sanduku pia. Sanduku lilinunuliwa likiwa limefungwa, na hakuna aliyejua lina nini. Mara moja lilitoa kilemba cha dhahabu. Mara tisa lilitoa msumari.

"Wewe bado una kijogoo cha bure?" Shadia alimuuliza wakati wa mapumziko, mbele ya wenzao. "Wa kwangu ana mabawa. Huyo wako mpeleke sokoni wakamchinje."

Wenzao wakacheka. Mchana ule Dorice alinunua mabawa. Alijiambia ni mara moja tu, na kesho yake akajiambia vilevile.

Kila alipolipa, simu ililia, ujumbe wa malipo ukaingia. Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamejifunza kufanya kazi ya macho, alisikia kila mlio.

"Nani huyo, mke mwenzangu?"

"Matangazo tu, bibi."

"Wanatangaza nini?"

"Eti umeshinda gari."

"Waambie walilete na dereva," Bibi alisema. "Mimi gari lenyewe nitalipanda kwenye boneti."

Uongo wa kwanza ulimkwaruza koo. Wa kumi uliteleza kama mlenda. Na neno lile, matangazo tu, likawa linatoka lenyewe, hata kabla Dorice hajatazama ni nini kimeingia.

Mwezi wa pili Bibi na jirani yao, mzee Ndaki, walikwenda pamoja hospitali kuandikishwa. Mzee Ndaki alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita, naye pia macho yake yalikuwa na utando. Muuguzi aliwaeleza kuwa madaktari wa macho wangekuja kwa wiki moja kutoka mbali, na kila aliyeandikishwa angetumiwa ujumbe wa siku yake.

"Simu isizimwe, bibi," muuguzi alisema. "Ukipitwa, mpaka safari nyingine."

"Haizimwi," Bibi alijibu. "Nina mke mwenza anailinda kuliko mboni ya jicho lake."

Dorice alisikia. Alikuwa amekaa pembeni kwenye benchi, sauti ya simu ameipunguza, Jogoo yuko juu ya bati la nne.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mchana, Bibi anapeta mchele barazani, Dorice yuko kizingitini. Alikuwa amefika mahali ambapo hajawahi kufika, bati la sitini. Shadia mwenyewe aliishia hamsini na nane. Simu ikalia, na kutoka juu ya kioo ukashuka ujumbe, ukamfunika Jogoo usoni. Dorice aliusukuma kwa kidole gumba kama mtu anayefukuza nzi.

"Nani huyo, mke mwenzangu?"

"Matangazo tu, bibi."

"Wanatangaza nini leo?"

Jogoo alikuwa angani. Bibi alingoja kidogo, kisha akaendelea kupeta.

Siku nane baadaye, mtu alisimama uani akapiga hodi kwa sauti ya mzee Ndaki, lakini hakuwa na fimbo. Alitembea peke yake mpaka barazani, akasimama mbele ya Bibi, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kasilda," akasema taratibu, "kumbe ni mzee namna hii? Miaka mitatu nakusalimia nikidhani nasalimia binti."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Umetolewa utando, Msukuma wewe?"

"Nimetolewa. Jana nimehesabu ng'ombe zangu. Mmoja niliyekuwa nampenda sana kumbe si wangu." Akaketi. Kicheko kikamwisha. "Lakini wewe, mbona hukuja? Nilikutafuta kwenye foleni. Ujumbe tumetumiwa siku moja, Alhamisi. Madaktari wameondoka tangu juzi."

"Wangu haujafika," Bibi alisema. Uso wake uligeuka upande wa mlango, mahali alipojua Dorice amesimama. "Haujafika, au sivyo, mke mwenzangu?"

"Haujafika, bibi," Dorice alisema. "Labda mtandao."

Alikwenda nyuma ya jiko na simu. Akafungua ujumbe wote ulioingia, akaanza kuvuta kwenda juu. Malipo ya Jogoo. Malipo ya Jogoo. Malipo ya Jogoo. Hospitali. Malipo ya Jogoo.

Ujumbe wa hospitali ulikuwa mfupi. Jina la Bibi, Jumatatu, saa mbili asubuhi, aje na mtu wa kumsindikiza. Dorice aliusoma mara tatu, na mara zote tatu Jumatatu ilikuwa imepita. Hela ya dawa aliyotuma baba mdogo nayo ilikuwa imebaki ya kununulia kiberiti.

Angeweza kusema siku ile. Hakusema. Aliosha vyombo viwili mara mbili.

Kesho yake, Jumamosi, dada yake Theopista alifika kutoka Kapalamsenga alikoolewa, na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Mtoto alikuwa na siku arobaini na mbili, naye alikuwa amepewa jina la Kasilda.

"Mlete hapa wajina wangu," Bibi alisema, akanyoosha mikono hewani, kidogo upande usio wenyewe. Theopista akamwekea mtoto mapajani.

Bibi aliuinamisha uso mpaka pua yake ikakaribia kugusa ya mtoto. Akakazana. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango. Mwisho aliacha kutazama, akaanza kutumia vidole. Alipita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, kwenye mashavu, polepole, kama alivyokuwa akitafuta mawe kwenye mchele.

"Pua ninayo," akasema. "Mdomo ninao. Lakini kuunganisha siwezi. Mke mwenzangu, wewe ndiye macho yangu. Niambie ukweli, huyu amefanana na nani?"

Dorice alifungua kinywa. Mtoto alikuwa na uso mdogo wa mviringo, na kidevu kilichogawanyika katikati, kidevu cha Bibi mwenyewe. Alitaka kusema hivyo. Kilichotoka ni kilio.

"Ujumbe ulifika, bibi," akasema. "Ulifika Alhamisi. Mimi ndiye nimeutupa."

Akasema yote: Jogoo, kitufe cha kijani, sanduku, hela ya dawa, mtandao aliousingizia. Theopista alisimama, mkono juu, lakini Bibi alisikia kanga ikivuma, akasema, "Kaa chini, Theo." Theopista akakaa.

Bibi Kasilda alimpapasa mtoto mgongoni.

"Ulipousoma ulisemaje?" akauliza.

"Sikuusoma. Nilisema tu ni matangazo."

"Kwa hiyo hata hukujua unanidanganya nini." Bibi alimrudisha mtoto kwa mama yake, taratibu. "Mwongo wa zamani angalau alijua anaficha nini. Haya. Dorice, niletee maji ya kunywa."

Alisema Dorice. Hakusema mke mwenzangu. Dorice alisimama pale kana kwamba ameitwa mtoto wa jirani.

Jumatatu, baada ya shule, Bibi alimshika bega wakaenda kwa Leodgar, fundi simu. Leodgar aliuondoa mchezo, akaweka namba mpya ya siri ambayo Bibi aliikariri njia nzima kimoyomoyo ili asiisahau tena. Kisha fundi akasema, huku akifuta kioo, "Bibi, hawa watoto msiwaone wapumbavu tu. Yale machozi ya jogoo na zile sekunde kumi kuna watu wazima wamekaa mezani wakapanga. Wanajua mtoto atabonyeza saa ngapi. Hata watu wazima wanakuja hapa wanalia."

Walipofika nyumbani, Bibi aliketi kwenye mkeka, akamwambia Dorice aketi mbele yake.

"Mimi nimezaliwa Kapalamsenga," alisema. "Baba yangu alivua dagaa. Giza likiingia, mwezi haupo, wanawasha karabai juu ya mtumbwi. Dagaa wanaiona taa, wanapanda kutoka chini, maelfu kwa maelfu, wanazunguka wanang'aa. Umewahi kusikia dagaa ametozwa kiingilio cha kutazama taa?"

"Hapana, bibi."

"Ni bure. Lakini mafuta ya taa yanauzwa, na baba yangu hakuwa tajiri wala mjinga. Kwa nini aliwanunulia dagaa mwanga?"

Dorice aliinama. "Kwa sababu ya wavu."

"Basi kitu cha bure kikikuita, kikakuita tena, na ukikaa bila kukiona mkono unawasha, uliza kwanza nani ananunua mafuta. Kucheza si kosa, hata mimi nimecheza bao mpaka ugali ukaungua. Lakini mchezo ukianza kukuagiza uongo, huo si mchezo tena, huo ni bwana wako." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mjukuu wake. "Na mimi nina langu. Nilikupa macho yangu yote mawili, na simu, na siri yake, nikasahau kukuuliza unayabebaje. Hilo ni kosa la mtu mzima. Ila Jumatatu ile ilikuwa yangu, Dorice, na hakuna duka linaloiuza."

Hakumpiga. Dorice alitamani ampige.

Safari nyingine ya madaktari ilikuwa mwezi wa tisa. Miezi sita. Siku za mwanzo kidole gumba cha Dorice kilicheza chenyewe juu ya daftari la hesabu. Shadia alipomuuliza jogoo wake yuko wapi, alijibu, "Amechinjwa," na Shadia akacheka peke yake safari hii, kisha akaacha. Jioni Dorice alichagua mchele wote wa nyumba ile, punje kwa punje. Na kila simu ilipolia, alisoma kila neno kwa sauti, hata matangazo yenyewe, hata namba za chini kabisa ambazo hakuna anayezisoma.

Bibi alisikiliza, akasema, "Asante, Dorice." Kila mara Dorice. Utani ulikuwa umehama katika nyumba ile, na hakuna aliyejua umehamia wapi.

Mwezi wa tisa ujumbe ulipofika, Dorice aliusoma, akaurudia, akauandika ukutani kwa mkaa. Siku yenyewe walifika hospitali kabla mlinzi hajafungua geti. Waliambiwa jicho moja kwanza, la pili safari ijayo. Kesho yake muuguzi aliondoa kifuniko cha pamba na plasta, na Bibi akafumba na kufumbua, akafumba na kufumbua, machozi yakimtiririka. Dorice alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, hajui asimame vipi.

Bibi alimtazama kichwani hadi miguuni, kama mzee Ndaki alivyomtazama yeye.

"Kumbe mke mwenzangu umekonda hivi," akasema. "Mume wetu angekuacha."

Dorice alilia pale wodini mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akauliza kama kuna msiba.

Theopista alikuja na mtoto mwisho wa wiki ile. Kasilda mdogo alikuwa na meno mawili na alitambaa mpaka chini ya kabati. Bibi alimwinua, akamtazama kwa muda mrefu sana, akakiona kidevu, akafurahi. Baadaye, wengine walipokuwa jikoni, Dorice alimsikia akizungumza na mtoto polepole. "Huyu wa meno mawili nimemwona. Yule wa siku arobaini aliletwa mpaka mapajani mwangu, akapita." Dorice alisimama nyuma ya pazia na bakuli mkononi, na lile neno lilimkaa. Limemkaa mpaka leo. Mambo mengine ukiyatengeneza yanatengenezeka, lakini ufa wake unabaki, unauona.

Hata hivyo, jicho la Bibi halikupona haraka. Ndivyo alivyosema. Muuguzi alishangaa, maana yeye aliona limepona vizuri, lakini Bibi alisisitiza kuwa lina ukungu, hasa jioni, hasa mchele unapotakiwa kuchaguliwa. Kwa hiyo Dorice aliendelea kukaa barazani na ungo, na kusoma ujumbe kwa sauti, na Bibi aliendelea kukaa pembeni yake amejinyoosha kwenye mkeka, akisimulia habari za Kapalamsenga na kucheka. Wiki tatu zikapita hivyo.

Jioni moja Dorice alimaliza, akainua ungo apeleke mchele chunguni.

"Ngoja," Bibi alisema kutoka alipolala. "Umeacha jiwe. Hapo karibu na kidole chako cha shahada, jeusi, dogo kama kichwa cha sisimizi."

Dorice alitazama. Jiwe lilikuwepo. Alilitoa, akaliweka kwenye kiganja, kisha akageuka taratibu kumtazama Bibi, aliyekuwa umbali wa hatua nne, na jua limekwisha kutua.

"Bibi," akasema, "jiwe hili umelionaje?"

Bibi Kasilda alifumba macho haraka, akavuta kanga mpaka kidevuni.

"Nimelinusa," akasema.